Naomba Kuongea na Mwenyewe

Tulimwita Mama Simu, na nyumbani kwake hakukuwa na simu ya aina yoyote. Dada yake akitaka kumwambia jambo ilimbidi afunge safari, na akifika alilalamika kwanza, akapumua, ndipo akasema kilichomleta. "Simu ni ya kazini," Mama Simu alimjibu kila mara. "Wewe mpishi wa shule, mbona hulali na sufuria?"

Kabla ya kuja kwetu alikuwa opereta kwenye kiwanda cha vigae, miaka kumi na tisa, akiunganisha simu za mabosi na wateja kwa nyaya za kuchomeka. Ukaletwa mtambo mpya usiohitaji mtu, naye akamwaga unga bila kosa lolote. Kliniki ya saratani ilipotafuta mtu wa kupiga simu, alikuja na barua moja ya sifa na sauti ambayo ungeisikiliza hata ikikusomea orodha ya misumari. Aliajiriwa siku hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa wa mafaili. Chumba chetu kilikuwa na meza mbili, kabati la chuma lenye mlango uliogoma kufunga, na dirisha moja lililotazama ukuta. Simu ilikaa juu ya meza yake, ile ya zamani yenye mkono mzito, na sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu wa upande wa pili akikohoa mimi nilisema pole. Kando ya simu palikuwa na daftari la kijani.

Daftari hilo ndilo lililomla. Kuna saratani inayoanzia kwenye tezi za shingoni, kwapani au tumboni, inaitwa limfoma, na aina moja yake ina haraka: uvimbe uliokuwa saizi ya harage mwezi huu, baada ya miezi miwili shati halifungi. Wengi wakiwekewa dawa uvimbe huyeyuka, mtu akarudi kazini kwake. Lakini wapo ambao uvimbe haujali dawa, au unayeyuka kisha unarudi kabla hata nywele hazijaota. Hao ndio walioingia kwenye daftari la kijani. Daktari wetu alitaka kujua kitu kimoja tu juu ya kila mmoja wao: dawa zilipogoma, aliishi mpaka lini. Tulipiga mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili tangu zigome. Majibu yalikuwa matatu: Yu hai, Amefariki, Hajapatikana. Hilo la mwisho hukuruhusiwa kuliandika mpaka umepiga mara tatu, siku tatu tofauti.

Sasa jaribu wewe kumpigia mwanamke na kumuuliza kama mumewe bado yupo. Karani aliyemtangulia aliuliza hivyo hivyo, kavukavu, na mwezi wa pili akaomba uhamisho. Mama Simu hakuuliza. Alisema, "Naomba kuongea na mwenyewe," kisha akanyamaza. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya sikio. Mtu akisema "Subiri," mgonjwa yu hai. Akisema "Wewe nani?" kwa ukali, yu hai lakini hali ni mbaya na watu wamechoka kuuguza. Na kama hakusema kitu, ukasikia chumba tu, labda redio, labda mtoto anaburuta kiti, basi Mama Simu aliweka kalamu chini na kusema, "Pole. Nipo, sina haraka." Hakuwahi kukata yeye. Nilimwona akikaa na msiba wa watu asiowajua mpaka chai yake ikafanya utando.

"Huchoki?" nilimuuliza siku moja.

"Waliwekewa dripu hapa, wakatapika hapa," alisema. "Ikishindikana tuwatupe?"

Kisha akaja fundi makochi. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na moja, mwenye mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Uvimbe wake ulikuwa shingoni, upande wa kushoto. Dawa ya kwanza iliuyeyusha na baada ya miezi miwili ukarudi. Dawa ya pili haikuutikisa. Siku moja akisubiri kipimo aliingia kwetu kuulizia faili lake, akakiona kiti cha Mama Simu, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, hiki ni kiti au ni adhabu?"

"Nimeshakizoea."

"Hata mimi huu nimeuzoea," alisema akigusa shingo, "lakini sijaupenda."

Ijumaa alikibeba, Jumatatu akakirudisha kikiwa na sponji mpya na kitambaa cha kahawia, misumari yake imejipanga mstari kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Alimtaka Mama Simu akae mbele yake, asimame, akae tena. Alizunguka nyuma, akabonyeza pembe moja kwa kidole gumba, akaridhika. "Sponji hiyo ni ya miaka mitano," alisema. "Dhamana ni ya kiti. Mimi sina." Tulicheka wote watatu. Nilicheka kuliko wenzangu, halafu nikaenda chooni nikalia.

Daktari alimwambia kuna dawa ya tatu, kali kuliko zote mbili, inayomlaza mtu wiki kadhaa na nafasi yake ni ndogo. Fundi aliitafakari siku mbili, akasema hapana, anakwenda nyumbani. Siku ya kuaga alikuja kwetu na mkewe, binti mwembamba aliyekumbatia begi kifuani na kutuamkia kwa heshima zote.

"Mama Simu, utanipigia?"

"Mwezi wa tatu. Tarehe nimeshaiandika."

"Usije ukanisahau. Nitapokea mwenyewe. Nikishindwa, atapokea mkweo huyu."

Mkewe alitazama chini. Mama Simu alisema atapiga, akaisoma namba ya simu kwa sauti, na fundi akaitikia tarakimu moja moja.

Wiki ya kumpigia ilipofika, Mama Simu alikuwa ameshapiga simu kumi na moja tangu Jumatatu, na tisa zilijibiwa kwa kile kimya. Jumatano asubuhi ikawa zamu ya fundi. Aliinua mkono wa simu. Aliushikilia sikioni bila kupiga namba mpaka ule mlio mrefu ukageuka kuwa milio ya haraka haraka, kisha akaurudisha mahali pake. Akajiweka sawa kwenye kile kiti cha kahawia, akachukua kalamu, akaandika: Yu hai.

Nilimwona. Sijitoi kwenye hili: nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, faili mkononi, nilimwona kwa macho yangu na nikafyata mkia. Nilijiambia ni mstari mmoja tu, nani ataumia. Na nikisema kweli, hata mimi nilitaka awe hai, na mstari ule ulinipa nilichotaka bila kunigharimu kitu.

Mwezi wa sita aliandika tena, safari hii hakuigusa hata simu. Mwezi wa kumi na mbili vilevile.

Katikati ya mwaka huo ndipo alipoanza kuharibikiwa. Alifika asubuhi macho mekundu, akaniambia kwamba kwake kuna simu inaita.

"Mama, huna simu."

"Najua sina. Inaita."

Ilianzia kabatini, alisema. Akifungua kabati inahamia chini ya kitanda, akiinama inahamia jikoni. Alitoa nguo zote, akapindua godoro, akamwita jirani aje asikilize. Jirani akasikiliza kwa adabu, akasema hasikii kitu. Dada yake alisema ni presha, akamkataza chumvi. Kazini nako akawa anainua mkono wa simu ambayo haijaita na kusema, "Hallo? Hallo, mwanangu?" kisha ananitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Nilijua ni nini. Niliendelea kunyamaza kwa sababu nikilisema lake ningelazimika kulisema na langu.

Mwalimu mmoja wa hesabu alilazwa mwaka wa pili tangu fundi aondoke, kitanda namba sita. Naye dawa mbili zilikuwa zimegoma. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mkali, miwani imefungwa kwa uzi, na alisahihisha madaftari ya wanafunzi wake akiwa na sindano mkononi. Jumanne moja Daktari alikuja kulichukua daftari la kijani ili akamweleze ukweli kwa takwimu, maana mwalimu hakutaka maneno matamu. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, sisi tuko ng'ambo ya korido. Tulisikia kila neno.

"Waliotimiza mwaka tangu dawa ziwashinde ni ishirini na sita," Daktari alisema. "Walio hai ni watatu."

"Hao watatu walifanya nini?"

"Wawili waliwekewa dawa ya tatu. Mmoja aliikataa akaenda nyumbani."

"Na yu hai?"

"Daftari linasema yu hai. Lakini mtu mmoja si kipimo, mwalimu. Huyo hata mimi ananishangaza. Nataka nimwite nimpime."

"Daktari, mimi nimechomwa vya kutosha," mwalimu alisema. "Kama yupo mtu aliyekwenda kukaa na watoto wake na bado anapumua, basi na mimi Ijumaa nakwenda nyumbani."

Nilimtazama Mama Simu. Mikono yake ilikuwa imeshika pande mbili za kiti. Daktari alirudi, akaliweka daftari mezani, akagonga jina la fundi kwa kidole na kusema, "Nitafutie huyu bwana, aje wiki ijayo." Akaondoka na haraka zake.

Jumatano hakupiga. Alipanga kalamu, akafuta meza, akaenda kunywa maji mara sita. Alhamisi asubuhi nilimkuta ameketi na koti lake bado mwilini. Nilifunga mlango, na nilikuwa na hasira ambayo nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe.

"Mama, yule mtu hukumpigia."

Alivuta koti likafunika magoti.

"Nilikuona. Mara tatu zote nilikuona."

"Ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Sasa nasema. Kesho mwalimu anaondoka kwa sababu ya maneno mawili uliyoyaandika wewe. Piga."

"Na kama yupo?" alisema, na sauti yake ile nzuri ilikuwa imekauka. "Unajua ni mara ngapi nimemsikia akipokea? Anasema, 'Mama, kiti kinasemaje?' Nikipiga, sitamsikia tena."

"Piga, mama."

Namba alikuwa nayo kichwani. Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa, kana kwamba mtu alikuwa ameishika.

"Hallo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Naomba kuongea na mwenyewe."

Nilisikia chumba. Kulikuwa na kitu kama feni, na mbali kidogo mtu akipiga nyundo.

"Ni wewe?" mwanamke yule aliuliza. "Yule mama wa hospitali?"

"Ni mimi."

"Wa kiti?"

"Wa kiti, mwanangu."

"Alisema utapiga." Hakulia. Alisema kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni aliyechelewa. "Alikufa wiki ya tano tangu tutoke huko. Mwishoni hakuweza kuongea vizuri, lakini kila siku aliniandikia kwenye karatasi, hospitali wakipiga mwezi wa tatu uwaambie. Nikakaa mwezi wa tatu. Nikasema labda wana kazi nyingi. Simu yake naichaji kila siku, mama. Watu wanapiga kuulizia makochi, nawaambia, wanalia, nalia. Shemeji zangu wamesema niizime nipumzike. Nikawaambia yupo mtu mmoja hajapiga."

Mama Simu aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Sasa naweza kuizima?" mwanamke aliuliza.

Nilitaka ardhi inimeze. Mama Simu alifunga macho.

"Unaweza, mwanangu. Nisamehe. Nilikuwa naogopa."

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Hiki unachoniambia."

Yule binti akasema, "Hata mimi." Halafu akaaga, akasema asante kwa kupiga, na simu ikakatika. Mama Simu aliinuka kwenye kiti kile kwa uangalifu, kama vile kuna mtu amelala juu yake, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakukikalia.

Alikwenda kwa Daktari peke yake. Mlango ulipofungwa sikusikia maneno, nilisikia tu Daktari akisema "Mara tatu?" na baadaye tena, "Mara tatu?" Alipotoka niliingia mimi nikasema langu. Nilipewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo. Yeye alitolewa kwenye simu, akapelekwa dirisha la kadi, kukata kadi na kuita majina. Daktari mwenyewe alichora mstari mwekundu juu ya yale maneno kwenye sehemu zote tatu na kuandika chini yake kilicho kweli.

Kabla ya kuhamia dirishani aliomba jambo moja, amwambie mwalimu yeye mwenyewe. Nilikwenda naye nikisingizia kubeba faili. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho bila kuvua miwani.

"Kwa hiyo ni wawili, si watatu."

"Wawili."

"Waliowekewa dawa ya tatu ni wangapi?"

"Kumi na mmoja. Wawili wapo."

"Na waliokwenda nyumbani?"

"Kumi na watano. Hakuna aliyebaki."

Mwalimu alikasirika. Alimwambia maneno mazito, kwamba amecheza na roho ya mtu, kwamba mkewe alikuwa ameshafua shuka za kumpokelea. Mama Simu alisimama akayapokea yote. Mwishoni mwalimu alichoka, akaegemea mto.

"Wawili kati ya kumi na mmoja," alisema. "Mwanafunzi akiniletea alama hizo namrudisha darasa." Kisha akaomba aitiwe Daktari. "Lakini sikiliza, mama. Siku yangu ikifika, piga. Usinihurumie ukaniandika uongo. Piga wewe, si huyu anayejificha nyuma ya faili."

"Nitapiga."

Dawa ya tatu ilimfanya vibaya, sitaki kueleza. Lakini uvimbe uliyeyuka, akarudi nyumbani amekonda na hasira zake zote. Mwezi wa tatu nilipiga mimi, kwa maana simu sasa ilikuwa yangu. Nilisema maneno ya Mama Simu, mkewe akasema, "Subiri." Mwezi wa sita vilevile. Mwalimu alikuja kwenye simu akihema, akauliza, "Yule mama yuko wapi?" Nikamwambia yuko dirisha la kadi. "Mwambie mtihani wake ni mwezi wa kumi na mbili," alisema.

Nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa, akamwita mgonjwa aliyefuata. Kule kwake simu haikuwa imenyamaza, alinieleza siku nyingine tukinywa chai, ila sasa iliita mara moja tu kwa siku, asubuhi, naye alisema "nipo" huku akifunga viatu.

Siku ya kumpigia mwalimu ilipofika, Daktari alimruhusu Mama Simu apige. Alikuja amevaa gauni lililopigwa pasi, akasimama mbele ya meza aliyoitumia miaka yote ile. Nilimpisha. Alikitazama kile kiti, sponji yake imeanza kubonyea katikati, misumari bado imejipanga. Akakaa.

Simu ya zamani ilikuwa imekufa, tuliletewa nyingine nyepesi isiyopaza sauti. Kwa hiyo sikusikia upande wa pili. Nilisikia tu, "Naomba kuongea na mwenyewe," kisha nikamwona amenyamaza, kichwa ameinamisha, akisikiliza chumba cha watu. Uso wake haukuniambia kitu. Mkono wake ulisogea kwenye daftari la kijani, ukaandika, na mimi nikasoma kutoka upande wangu, herufi zikiwa juu chini: Amefariki. Kando yake akaandika tarehe, ilikuwa ya juzi.

Niliinua mkono kumwonyesha kwamba inatosha, kazi imekwisha, anaweza kuweka simu chini. Hakuniangalia. Aliweka kalamu, akaivuta simu karibu zaidi na sikio.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nipo, sina haraka."

Wagonjwa walijaa dirisha la kadi, wakaanza kugonga kioo na kunung'unika. Nilikwenda kukata kadi mimi. Niliporudi saa sita alikuwa bado amekaa pale pale, anasikiliza.